Swaleh kaitwa tena kazini

Swaleh: Asalaam aleikum wazee. Ile hoteli wamenipigia, wataka nirudi mwezi ujao. Cheo kile kile mshahara ule ule. Sasa mbona sifurahi 😅

Dada Mwanaisha: Waaleikum salaam. Alhamdulillah! Walivyokuachisha si ulikonda hata kanzu ya Idi ikakupwaya, leo wauliza?

Swaleh: Nishazoea tuktuk dada. Wale mama wa kushuka Kongowea na magunia yao twapiga soga mpaka nasahau nauli

Ami Said: Rudi hotelini mwanangu. Tuktuk leo yatembea kesho iko kwa fundi

Halati Zuhura: Baba Nasra ngoja kwanza. Swaleh n'kwambie. 2019 makontena yalipolazimishwa kupandishwa treni ya SGR kwenda Nairobi, trela la ami yako likalala Changamwe, nikaanza kukaanga mahamri, si kwa kupenda, ni njaa. Ikaja 2020 Mji wa Kale hapa Mombasa ukafungwa kwa korona Ramadhani ile, haingii mtu hatoki mtu, hapa Kuze watu wakishusha vikapu kwa kamba toka ghorofani pesa ziko ndani, natia mahamri na kibakuli cha mbaazi, kikapu chapanda

Dada Mwanaisha: Nakumbuka halati, iliki yanukia mtaa mzima

Halati Zuhura: Sasa watu waniambia ati shida ilikufunza. Haikunifunza kitu, nilikuwa sina njia basi. Nilijijua 2022, serikali mpya iliposema mizigo irudi kutolewa bandarini hapa, ami yako kapata safari, kaniambia haya pumzika sasa mke wangu. Wallahi kifua kilinibana. Kumbe napenda kushika pesa yangu!! Napenda nigongewe mlango alfajiri niulizwe yameiva? Mimi huyu mwaniita mpole

Ami Said: Mpole wa nani. Juzi nimenyimwa hamri nikaambiwa ni za oda 😂😂

Dada Mwanaisha: Sawa lakini halati wewe ulichagua ami yuwaleta chake. Swaleh ana watoto wawili na tuktuk si yake, jioni apeleka hesabu kwa mwenyewe

Swaleh: Hapo ndo pamenikwama

Halati Zuhura: Sijamwambia akatae. Nasema asijibu leo, hiki kitu kinachomkaba akiangalie vizuri, maana akishavaa yunifomu hatakiona tena

Dada Mwanaisha: Waulize kama wana zamu ya usiku, mchana uendeshe

Swaleh: Eeh hiyo naeza

Ami Said: Na atalala saa ngapi huyu mtu?