Solina ya kizamani, kopi mpya au laptopu? Kwa mpigaji wa huku Unguja mngechukua ipi

Kinanda_Kikwajuni
Assalam aleikum wakuu. Nna suali refu kidogo mnivumilie. Binamu yangu anakaa Uholanzi, kaona Solina String Ensemble, kinanda cha umeme cha kuiga fidla nyingi, inauzwa mtaani kwao, ile ile khasa ya kampuni ya Eminent ya miaka ya 70, mwenyewe anasema inafanya kazi ila kuna noti moja inakoroma. Anataka euro 1,200 na hapo bado kuisafirisha. Mie napiga kinanda na kikundi chetu, maharusi na mahoteli, siku nyengine taarabu ya zamani siku nyengine vitu vya kuwafurahisha watalii wakila pweza wao, na mpigaji fidla tunaye mmoja tu, akipata mwaliko kwengine ndo basi tena. Nataka ile sauti ya fidla nyingi nyuma, ila si stringi za vinanda vya harusi ambazo kila mtu anazo, zile zishanichosha. Nimeona Behringer wametoa kopi ya hiyo Solina, Waldorf nao wana kidude kinaitwa Streichfett, na mdogo wangu ananambia niache ujinga niweke programu kwenye laptopu. Mngekuwa nyie?

FundiDarajani
Wa aleikum salam. Kabla ya kusema ununue usinunue, muulize binamu yako hiyo noti inakoroma kwenye oktavu moja au kwenye oktavu zote? Maana jibu la hapo ndo bei yenyewe.

Nieleze kwa wasioijua. Hivi vinanda havina oscileta (kizalisha sauti) kwa kila ufunguo. Kuna sehemu juu inatengeneza noti 12 tu, za oktavu ya juu kabisa, halafu kila oktavu ya chini inapatikana kwa kugawa masafa kwa mbili, tena kwa mbili, tena kwa mbili mpaka chini. Ndo maana funguo zote 49 za Solina zinalia kwa pamoja ukitaka, weka mkono mzima na kiwiko, hakuna noti inayokatika, wakati sintesaiza nyingi za miaka ile zilikuwa na sauti moja tu au mbili. Sasa ukiujua mpangilio huo, ugonjwa unajitaja wenyewe. Ufunguo mmoja tu una shida, noti hiyo hiyo kwenye oktavu za juu na za chini ni nzima, hapo mara nyingi ni kontakti chafu, spiriti na uvumilivu. Noti imekufa kuanzia oktavu fulani kwenda chini, hiyo ni chipu ya kugawa, inabadilishwa. Noti imekufa kote kote, hapo shida iko juu kwenye chanzo na hapo ndo pagumu, maana zile chipu za oktavu ya juu, kina MK50240 na ndugu zake zilizotumika kwenye vinanda vingi vya wakati huo, hazitengenezwi tena, watu wanaokoteza stoo za zamani au wanaweka vibodi vipya vilivyoprogramiwa kuiga kazi yake.

La pili ni korasi. Ukiizima ile korasi (ndani wanaita ensembo) Solina inalia kama kodiani yenye mafua, hamna cha fidla wala nini. Utamu wote uko kwenye laini tatu za kuchelewesha sauti, zinayumbishwa na mawimbi mawili, moja la polepole na moja la haraka, kila laini kwa zamu yake haziendi pamoja. Sikio linadhani watu wengi wanapiga kwa sababu hakuna wawili walio sawasawa. Kwa hiyo mwambie binamu asikilize na korasi imewashwa, ikiwa sauti imekonda au inavuma sana ujue laini moja imelala.

Mwana_Fidla
Fundi kaeleza vizuri lakini nyote mnaruka jambo. Robo toni, zile noti zinazoangukia baina ya funguo za kinanda.

Mnataka kupiga taarabu ya zamani na kitu ambacho noti zake zimefungwa kwa hesabu za Kizungu, utafanyaje maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) kama Rasti? Utafanyaje Bayati? Solina ina kitufe cha kupandisha na kushusha kinanda kizima tu, huwezi kuishusha noti moja peke yake. Kopi ni hivo hivo. Hizi bendi zetu kubwa, Ikhwani Safaa ya tangu 1905, Culture Musical Club nao, zilijaza fidla kwa mfano wa ofkesta za Misri, na fidla ilipendwa kwa sababu kidole kinatua popote. Sasa wewe unaleta fidla isiyokuwa na kidole. Kwa pesa hiyo si ununue kinanda cha Kiarabu, zile Yamaha za PSR-A zina njia ya kushusha noti robo, ukawalipa na wapigaji wawili wa kweli ukabakiwa na chenji ya urojo.

Kinanda_Kikwajuni
Maalim umenichoma lakini kweli. Ila hizo za Kiarabu stringi zake ndo zile zile nilizosema zishanichosha 😅

StudioFuoni
Mie niseme bila kuzunguka, laptopu. Arturia wana Solina V, nimeitumia kwenye rekodi na hakuna mteja hata mmoja alowahi kuuliza ni ya kweli au ya programu, mteja anauliza sauti yake imetoka vizuri au la. Huna kontakti huna kapasita huna kuagiza kitu Uholanzi. Hasara yake iko jukwaani, joto la huku, umeme ukicheza kidogo, laptopu inaamua ku-apdeti bibi harusi akiwa anaingia... hapo nakubali. Studio laptopu, jukwaani kitu kingine.

Mpemba_wa_Wete
Hamjambo. Mie n'nacho cha kweli, si Solina, Elka Rhapsody 610 ya Kitaliano, hizi zilitoka katikati ya miaka ya 70, funguo 61, ina stringi na violonselo na ati piano na klavikodi ambazo si piano wala si klavikodi. Alikiacha Mtaliano mmoja alokuwa na hoteli kule Kiwengwa, kikazunguka kwa watu mpaka kikavuka na boti kuja Pemba. Nakipenda wallahi. Lakini nikwambieni maisha yake yalivyo.

Adui si umri, adui ni chumvi na unyevu. Nyumba iko karibu na bahari, masika ikiingia kila kitu cha chuma kinapiga kutu, kontakti za funguo zinaota kijani, slaida zinakwaruza. Mwanzo nilikuwa nakiweka chumba chenye AC, ukizima AC hewa ya moto inaingia kinatoka jasho ndani, ikawa ndo naharibu zaidi, sasa nakifunika na shuka nzito, vipakti vya silika ndani yake, na nakipiga kila siku hata nusu saa, maana kikiwashwa kinapata vuguvugu na funguo zikipigwa zinajisafisha wenyewe. Kikikaa kimya mwezi mzima ujue unaanza kutafuta noti moja moja.

Na uzito! Solina mbao nzito, hii yangu nayo ni mzigo wa watu wawili. Harusi ya ghorofa ya tatu Michenzani utaiweza?

Ila sasa. Usiku ukiweka kodi mbili tu za polepole, ukatia na fezi (phaser, kidude cha kuzungusha sauti) ndogo ya gitaa mbele yake, programu sijaisikia ikifanya hivo. Labda ni mapenzi tu.

FundiDarajani
Si mapenzi tu, hiyo fezi ndo siri. Jean-Michel Jarre yule Mfaransa alifanya hivo hivo, kaunganisha Eminent na fezi ya Small Stone ya gitaa. Watu wanadhani ni Solina, la, ni Eminent 310, ogani kubwa la nyumbani la kampuni ile ile, Solina wameitoa humo, wakachukua kile kipande cha stringi wakakitia kwenye sanduku linalobebeka. Marekani iliuzwa kwa jina la ARP. Kwa hivyo ukiona ARP String Ensemble usidhani ni kitu kingine, ila angalia umeme wake, za Marekani nyingi ni volti 110 na kidogo, hapa tuna 230, uichomeke bila transfoma ya kushusha usikie harufu.

Kopi ya Behringer ni kisanduku cha mezani, haina funguo, unaipigia kwa MIDI (waya wa kupeleka noti) kutoka kinanda ulichonacho, na fezi wameiweka humo humo ndani. Solina ya asili haijui MIDI ni kitu gani. Streichfett nayo ni ndogo inaingia begani, ila ndani ni dijitali, inaiga, na inaiga vizuri. Behringer wanayo pia VC340 yenye funguo 37, hiyo ni kopi ya Roland VP-330 si ya Solina, ina stringi, ina kwaya na vokoda (ya kukifanya kinanda kiseme kama mtu). Bei za hizi zote mpya ziko chini ya hiyo ya binamu yako.

Kuhusu robo toni Mwana_Fidla yuko sahihi kwa Solina, lakini zipo ogani za zamani, Vox Continental na Farfisa Compact, zina oscileta 12 mbalimbali, kila noti na koili yake ya kutyuni. Ukiishusha koili ya Mi, Mi zote za kinanda zinashuka pamoja. Ishushe na ya Si hivo hivo, Rasti ya Do hiyo umeipata. Ila hizo si stringi, na baina ya wimbo na wimbo hutofungua kifuniko uanze kukoroga na bisibisi.

Mwana_Fidla
Haya hilo la koili sikulijua, ahsante.

Kinanda, sikiliza, nikupe njia. Nahawandi, Kurdi, Ajamu, na Hijazi kwa kiasi, piga utakavyo, hazina robo. Ikija Rasti toa ile noti ya tatu kwenye kodi, Bayati toa ya pili. Baki na ya kwanza na ya tano tu, zivute ndefu, iachie fidla au udi iseme ile noti ya katikati. Ukifanya hivo hata mie sitolalamika. Tatizo la wapiga kinanda mikono yenu haitulii, mnajaza kila tundu.

BintiVuga
Nimecheka hapo pa mikono haitulii 😂 kweli kabisa. Mie naimba, na nasema hivi, kinanda cha namna hii kizuri kwa muimbaji kwa sababu hakina nguvu ya kidole, ukibonyeza kwa hasira au polepole sauti ni ile ile, kinakaa nyuma kama zulia. Vinanda vipya mpigaji akichangamka ananizamisha.

Kinanda_Kikwajuni
Haya wakuu, binamu kaenda leo kaijaribu, kabonyeza moja moja kama fundi alivyosema. Ni ufunguo mmoja tu, La ya katikati, za juu na chini nzima. Korasi anasema inazunguka vizuri, inavuma kidogo. Kamwambia muuzaji, kashusha mpaka 950. Plagi ya Ulaya volti 220.

Nilikuwa nishaamua kopi sasa nimechanganyikiwa upya.

StudioFuoni
Kopi. Kwa kazi yako ya kubeba beba ni kopi. Kama ungekuwa na studio ningesema lingine.

Mpemba_wa_Wete
Chukua ya kweli, hiyo bei hutoiona tena. Harusini endelea na ulichonacho.

FundiDarajani
Ukichukua ya kweli, ikifika usiichomeke moja kwa moja ukutani. Iwache ipumue siku mbili, kisha iunganishe kwa mfululizo na balbu ya kizamani ya waya ya wati 60, si LED. Balbu ikiwaka kali na ikabaki hivo, zima, kuna shoti ndani. Ikiwaka kidogo ikafifia, iko salama. Kapasita za pawa sapulai badilisha zote hata kama hazijavimba, zishapita miaka arubaini hizo, na huo mvumo wa kidogo anaousikia binamu nadhani ndo hapo. Kisha ukitumia na stabilaiza daima, na umeme ukikatika chomoa, usiache urudi wenyewe.

Na mwambie binamu asikilaze kinanda kwa upande wa funguo kwenye sanduku, na vile vichwa vya slaida avichomoe avitie kwenye mfuko pembeni, vikivunjika njiani utavitafuta mpaka uzeeke.

Kinanda_Kikwajuni
Nishamwambia alipe. Kopi nitaitafuta baadae nikipata. Mwana_Fidla, ikifika njoo Kikwajuni unipangie hizo kodi zisizo na noti ya tatu.

Mwana_Fidla
Nitakuja. Chai juu yako.