Vijana wa Sikonge wanasema dunia imeshaharibika, tuwajibu nini?

Mkazi_Sikonge
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kimepewa na kijiji ekari 6 zilizokuwa shamba la tumbaku, sasa ni nyasi na visiki. Nikiitisha kazi, vijana wanasema wanaochafua hewa ni wenye viwanda huko nje, ekari sita zitabadili nini? Naomba hoja kwamba tatizo hili la mabadiliko ya tabianchi linatatulika, siyo maneno ya semina. Na miche inayostahimili jua tupate wapi? Iliyopandwa mwaka jana imekauka yote.

BwanaMiti_Tbr
Mkuu, hoja mbili, halafu mshike panga.

Mkataba wa Paris wa tabianchi ulipopitishwa 2015, makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba kwa sera za wakati ule gesijoto (hewa chafu zinazoipasha dunia joto) zingepanda kwa asilimia 16 kufikia 2030. Ripoti ya 2023 ikasema asilimia 3. Bado zinapanda, na haitoshi hata kidogo, lakini mwendo umebadilika ndani ya miaka minane tu. Ya pili iko jirani: Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili yaote upya, zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000, na sehemu kubwa ilijiotea baada ya wafugaji kufunga maeneo.

Miche achaneni nayo. Kisiki cha mtundu, myombo au mninga hakijafa. Mizizi yake imeshashika maji chini, jambo ambalo mche wa kitaluni utahangaika nalo miaka. Njia hii ya kutunza machipukizi ya visiki ndiyo inaitwa kisiki hai. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi ishirini. Chagueni matatu hadi matano, yaliyonyooka na yanayotoka chini kabisa karibu na udongo. Lililoota juu ya kisiki ni zuri kwa macho, ila likinenepa upepo unalibandua. Mengine kateni kwa panga kali, mkikata kuelekea juu ili gome lisichanike. Kwenye yaliyobaki, ondoeni matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, msizidishe: likibaki na kishungi tu kileleni, linapinda mvua ya kwanza. Fungeni kitambaa ili mchunga ng'ombe ajue kisiki kina mwenyewe. Rudini kila baada ya miezi michache, maana kitachipua tena.

Kinachoua kazi hii ni moto wa Agosti hadi Oktoba. Lima njia ya moto ya mita 4 kuzunguka eneo, ibaki udongo mtupu. Kama mtachoma nyasi za nje mapema, iwe mwishoni mwa Mei au Juni zikiwa bado nusu mbichi, jioni upepo ukitulia, na kwa kibali cha kijiji.

Kapera_Urambo
Matano kwenye kisiki kimoja si yatanyang'anyana maji?

BwanaMiti_Tbr
Yatanyang'anyana, ndiyo maana mnapunguza polepole. Mwaka wa kwanza acha matano, ng'ombe akivunja mawili una akiba. Baadaye bakiza moja au mawili. Yanayokatwa ni kuni na fito, kijana anaondoka na mzigo siku hiyohiyo.

Nyuki_wa_Miyombo
Nyongeza: moto mwingi porini unaanzia kwenye kienge cha mrina asali. Nunueni bomba la moshi la kufukizia nyuki. Mizinga ya magome nayo inaua mti mzima kwa mzinga mmoja, kwa hiyo tengenezeni ya mbao. Mbao za juu, zile nyuki wanakojengea masega, ziwe na upana wa milimita 32 kamili. Fundi akikosea, nyuki wanajenga mshazari na huwezi kutoa sega moja bila kuvunja jingine. Ning'inizeni kwa waya usawa wa kiuno, nyegere asifike, na pakeni grisi kwenye waya kuzuia siafu. Asali ikianza kuuzwa, hutabishana tena na mtu kuhusu kukata mtundu.

Fundi_Kgm
Nawasalimu kutoka Kigoma. Yote hayo ni sawa, ila mkaa ukiendelea kuhitajika visiki vitakatwa tena. Hapo nina matumaini: bwawa la umeme la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024. Jiko la presha la umeme linaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Watu wanakosea mambo mawili: wanajaza sufuria hadi juu (maharage yanavimba, povu linaziba valvu, ishieni nusu), na wanachomeka kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu inayoungua. Waya uwe wa milimita za mraba 1.5 kwenda juu. Mtaani kwenu umeme ukififia saa moja usiku, pikeni saa nane mchana, jioni mnapasha tu.