Tupeane uzoefu: mliokulia nyumba za Kiswahili Kariakoo, ghorofa lilipoingia mtaani ilikuwaje?

Mjukuu wa Narung'ombe: Jana nimepita Narung'ombe kununua kitambaa, nikajikuta nimesimama palipokuwa mlango wetu. Sasa ni fremu ya pochi. Kijana ananiuliza, "Dada, jumla au rejareja?" Nikashindwa kumjibu. Vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Chumba cha mwisho alipanga mpiga besi, akirudi alfajiri kutoka ukumbi wa dansi wa DDC tunamjua kwa kandambili zake. Wenzangu je?

Kijana wa Gerezani: Kwetu kulianza dalali kuja kunywa kahawa barazani. Mwezi mzima, kahawa tu.

Wa Likoma: Umenitonesha. Sisi hatukuuza, tuliingia ubia. Kiwanja chetu, hela ya mjenzi, tunapata fleti mbili juu na fremu moja chini. Warithi tisa, tukaona tumeula. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza, "Na baraza langu mtaliweka ghorofa ya ngapi?" Tukacheka. Kauza vitumbua pale tangu kabla ya lile soko la 1975. Akapewa ghorofa ya sita. Fremu baba mdogo akaila kilemba, ile hela ya mpangaji kupewa fremu, peke yake, hiyo kesi nyingine. Lifti ilifanya kazi miezi minne, ikageuka ya mabelo, maana fleti nyingine zote zimekuwa stoo. Bibi akawa hashuki. Ukimtembelea swali lake moja: nani kafa huko chini?

Kafa yeye, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ameoshwa bafuni, waoshaji wanapokezana kwa sababu hawaenei. Jeneza la msikitini likagoma kwenye kona ya ghorofa ya nne, ngazi nyembamba na makatoni ya viatu kila upande. Likarudishwa chini. Tukamshusha kwa mkeka, mimi upande wa miguu. Wapagazi wakatupisha. Mmoja akauliza, "Mzigo wa nani huo?" Hakuwa na ubaya, pale ndiyo salamu. Sijakanyaga tena jengo lile.

Mama Buguruni: Inna lillahi. Nimelia kazini.

Mpangaji Milele: Pole, lakini ninyi mlipata fleti. Sisi wapangaji wa Mtaa wa Sikukuu, miaka kumi na nane, tulipewa wiki mbili. Na mwenye nyumba tulimwita shangazi! Leo nipo Chanika, naamka saa tisa usiku kuwahi genge lile lile.

Wa Likoma: Fleti yenyewe stoo ya watu. Tubadilishane?

Mpangaji Milele: Lete funguo.

Mzee wa Kota: Acheni hizo. Magomeni Kota tulikuwa kaya 644, tukabomolewa, tukapanga huku na huko karibu miaka kumi, fleti zimefunguliwa 2022. Wapo waliorudi kwa majina ya watoto wao tu. Usitoke kwako kwa ahadi ya mdomo. Karatasi, na mwanasheria awe wenu, siyo wa mjenzi.

Dalali Mstaafu: Karatasi bila msimamizi wa mirathi wa mahakama ni ya kufungia maandazi. Uzeni mapema, nunueni Kigamboni.

Kijana wa Gerezani: Kumbe ndiye wewe uliyemaliza kahawa yetu!

Dalali Mstaafu: Nililipa kila kikombe.

Sitaki Ghorofa: Tangu lile ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024 mama anaweka viatu mlangoni akilala. Jirani anachimba msingi, ukuta wetu una ufa unaopitisha kidole. Nifanyeje?

Mzee wa Kota: Piga picha, andika tarehe, peleka serikali ya mtaa, na barua ibaki na mhuri.

Mama Buguruni: Mtoe mama leo. Picha utapigia nje.

Mpangaji Milele: Chanika kuna chumba, majirani watatu wa Sikukuu tupo huku. Mlete.

Mjukuu wa Narung'ombe: Na mpiga besi wetu, nani anajua alipo?

Kijana wa Gerezani: Yule wa kandambili? Mbagala, anatengeneza feni. Spika kauza, gitaa kagoma kuuza.