Uzi maalum: fundi kanitonea urojo kwenye mazabodi

Mtoto wa Kisomo (mleta uzi)

Sina salamu leo. Mikono bado inatetemeka na shati linanuka bizari.

Nyote mnamjua. Sitaji jina wala mtaa, nisije nikaitwa kwa sheha. Yule mwenye kibanda cha pazia, anayekwambia "niachie, uje kesho", na kesho yake haijawahi kuwamo kwenye kalenda ya Kiislamu wala ya Kizungu. Nusu ya mji ina kompyuta zake mle. Nahisi wapo waliokufa, mirathi ikagawiwa, na laptopu ya marehemu bado "inasubiri spea".

Basi. ThinkPad yangu, T420, ya mwaka 2011, chuma cha haki. Alhamisi usiku umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa hasira: balbu ya ukumbini paa, feni ikaenda kama boti inayowahi gati, laptopu kimya. Haina taa, haina pumzi. Mie si mjinga, mita ninayo. Nikapima chaja, volti 20.1, nzima. Nikatoa betri, nikabonyeza kitufe nusu dakika, nikachomeka tena. Kimya.

Nikampelekea. Kaifungua, kaweka pawa saplai yake ya mezani kwenye volti 20, kisomeo cha ampea kikaonesha 0.02 kikaganda hapo. SIFURI NUKTA SIFURI MBILI. Ishikeni namba hii, ndiyo shahidi wangu Siku ya Kiama. Kisha akachukua mita ya mlio, akagusa koili za pembeni mwa prosesa, ikalia biiip, akanambia: "Shoti. Prosesa imekufa. Mungu akupe subira." Utasema kafa ami yangu.

Wakati anasema hayo mkono wa kushoto una bakuli. La urojo, mchuzi wetu wa bajia na kachori. Juu ya mazabodi, bodi kuu ya laptopu, iliyo wazi. YENYE UMEME, maana kairudishia waya za pawa saplai "nikuoneshe vizuri".

Nikamwambia, "Ami, bakuli." Akasema tulia. "Ami, bakuli linainama." Akasema kazi hii naifanya tangu hujaota jino.

Likatona.

Si tone lile, ni dau. Lilikuwa na kipande cha kachori juu yake kimekaa kama nahodha. Nimeliona likishuka, nikapata muda wa kutoa shahada, kumkumbuka bibi na kusamehe madeni mawili. Likatua baina ya tundu la chaja na zile aisii (chipu) ndogo ndogo. Tsssss. Moshi. Kisomeo kikaruka kutoka 0.02 hadi ampea 3, ndio mwisho wake, pawa saplai ikapiga kelele.

Na yeye? Kazima. Kalamba kidole gumba, KALAMBA, kapangusa tone kwa kidole kile kile, kanitazama usoni:

"Haina neno. Ndimu inasafisha."

Nilimlipa elfu kumi ya uchunguzi. Mimi. Kwa mkono wangu. Na mle ndani mna hesabu za hisa za mama yangu na kina mama wenzake kumi na wanane, wanagawana Jumapili ijayo.

HAINA NENO. NDIMU INASAFISHA.

Popobawa Mstaafu

Uzi bila picha ya tone ni chai.

Binti Kilemba

Nahodha wa kachori 😂😂 nipo kwenye daladala, konda ananiuliza kama nimeshuka mashetani.

Mzee Kijuso

ThinkPad ya 2011? Hiyo haikuharibiwa, kijana. Imesitiriwa.

Mtoto wa Kisomo

Mzee Kijuso nakuheshimu kwa mvi zako tu. Ile mashine ilikuwa na uhai. 0.02! Kabla ya tone 0.02, baada ya tone 3. Mtoto wa chekechea anajua nani muuaji hapo.

Solda Baridi

Tuache mzaha kidogo, nami ni fundi, ila si wa mjini.

Huyo bwana aliharibu kabla hata ya bakuli. Koili za prosesa zina omu chache mno kwenda ardhi, mita ya mlio italia hata kwenye bodi mpya iliyotoka boksini. Ile si shoti, ndivyo prosesa ilivyoumbwa. Vijana wengi hubadilishiwa bodi nzima kwa biiip hiyo. Na 0.02 kwenye volti 20 ilikuwa inakwambia jambo jengine kabisa: laini kubwa, njia kuu ya umeme wa chaja, haina shoti, ila bodi haijaamka. Hapo unatafuta volti 3.3 na volti 5, zile ambazo lazima ziwepo hata kabla hujagusa kitufe cha kuwashia. Kama hazipo, nenda kwenye aisii inayozitoa, angalia inalishwa, angalia inaruhusiwa kufanya kazi. Kama zipo, fuata njia ya kitufe. Kazi ya saa moja kwa mtu mwenye mchoro wa bodi na mikono miwili mitupu.

Sasa hivi ndiyo una shoti kweli. Usiichomeke chaja tena. Toa betri kubwa, toa na ile kidonge ya saa, uioshe kwa spiriti kali, ya asilimia 99 ukiipata, na brashi laini ya meno, spiriti ipite mpaka chini ya aisii. Usiizike kwenye mchele, mchele hauli chumvi. Ukiacha chumvi na ukali ule ndani, kwa unyevu wetu huu, haimalizi wiki ni kijani kitupu. Ikikauka pima omu za laini kubwa. Ikiwa bado zimelala karibu na sifuri, mara nyingi ni kapasita moja tu imekufa, au mosfeti, ile swichi ndogo ya umeme. Ipe volti 1, narudia MOJA, si 20, ampea uziwekee kikomo, mwagia spiriti juu ya bodi utazame. Panapokauka mwanzo ndipo penye joto, na penye joto ndipo mwizi alipojificha.

Popobawa Mstaafu

Mbona unayajua sana mambo ya kibanda kile? Weka bakuli chini, bwana. Tushakujua.

Solda Baridi

Mie urojo sili, nna vidonda vya tumbo.

Popobawa Mstaafu

Ndivyo angesema mwenyewe.

Mtoto wa Kisomo

Kwa hiyo prosesa ILIKUWA HAI! Kanitangazia msiba wa mtu aliye hai, kisha kamuua mbele yangu, kisha kanitoza ada ya msiba. Na kidole kakilamba, Solda. Mate na ndimu. Nimelala jana nikashtuka saa tisa za usiku, nasikia sauti: haina neno.

Mkunga wa Waya

Kwa haki lakini, ndimu husafisha. Betri ya rimoti ikivuja ule unga mweupe, tone la ndimu linauondoa. Nimefanya mara nyingi.

Mtoto wa Kisomo

MKUNGA TOKA KWENYE UZI WANGU.

Mkunga wa Waya

Nimesema rimoti. Tena bila betri. Sikusema kachori.

Kaa wa Wete

Nyie wa mjini mna raha, mwamwona fundi uso kwa uso. Mie nipo Pemba. Ya kwangu niliitia kwenye boti kwenda Unguja, miezi miwili. Imerudi. Ilikwenda na ramu 8 imerudi na 2, na skrubu saba zimefungwa peke yake kwenye kijifuko cha njugu. Nikapiga simu: ami, hizi skrubu? Akanambia "zilizidi". Zilizidi! Kiwanda kizima hawajui hesabu, anajua yeye. Usinambie mambo ya tone.

Binti Kilemba

Wangu alinitilia gundi kwenye tundu la chaja badala ya solda. Sasa ili ichaji lazima niipakate upande kama nanyonyesha. Mume wangu akiingia chumbani anatoka taratibu, anadhani mtoto kalala.

Kaa wa Wete

Skrubu SABA lakini, Binti.

Mzee Kijuso

Mwawalaumu mafundi bure. Chanzo ni umeme kukatika na kurudi. Tena nyinyi watoto mwalia kwa usiku mmoja. Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima cha Unguja kiza, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari umeharibika. Na mwaka mmoja na nusu kabla yake, 2008, tulishakaa kiza mwezi mzima. Hakufa kompyuta hata moja, hakukuwa na cha kuiulia.

Solda Baridi

Zilikufa mzee. Kwa majenereta. Ule mwaka ndio nilijengea msingi wa nyumba.

Mzee Kijuso

Kumbe mlikuwa mnatuombea.

Shemegi Yenu

Mleta uzi, hesabu za mama haziko kwenye mazabodi, ziko kwenye diski. T420 diski iko ubavuni, kifuniko kina skrubu moja. Ichomoe, ivalishe kava ya yuesibi, chomeka kwenye kompyuta ya jirani. Dakika kumi. Wewe umekaa unalia tone tu.

Mtoto wa Kisomo

Nashukuru shemegi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini tone ni tone.

Bi Chatini

Samahanini nimechelewa, nilikuwa jikoni. Hebu nifahamisheni. Huyo fundi kasema NDIMU? Urojo gani huo wa ndimu? Ule mchuzi ukali wake ni embe mbichi. Ndimu mtu anajikamulia mwenyewe juu.

Mkunga wa Waya

Kwetu ni ukwaju.

Bi Chatini

Ukwaju ni wa chatini yake, mwanangu. Kwenu wapi huko wanatia ukwaju kwenye unga?

Kaa wa Wete

Yote sawa tu mradi bajia ziwe za kunde.

Bi Chatini

Bajia za dengu. Yarabi salama. Ndio maana walikuzidishia skrubu.

Binti Kilemba

😂😂😂 Bi Chatini!

Mtoto wa Kisomo

Jamani. Mazabodi yangu. Nimeiosha kwa spiriti, imekauka, laini kubwa inasoma omu 0.4. Solda, nifanyeje? Hiyo volti 1 naitoa wapi, pawa saplai sina. Solda?

Solda Baridi

Dengu au kunde, mhogo wa kukaanga lazima uwepo. Bila mhogo ni uji.

Mzee Kijuso

Hapo umesema.

Mtoto wa Kisomo

0.4, Solda.

Popobawa Mstaafu

Alisema urojo hali, ana vidonda. Mhogo kaujulia wapi? NILISEMA MIMI.

Bi Chatini

Tuache hayo. Mleta uzi, wewe ndiye uliyekuwepo. Lile tone lilikuwa zito au jepesi? Rangi ilikuwa manjano ya kuwiva? Na hicho kibanda, anayeuza urojo hapo jirani ni nani? Nauliza urojo, si fundi.