Mistari myeusi kwenye galaksi ni nini?

raskazone_boi: Wadau, picha ya galaksi M51 ya darubini ya angani Hubble mikono imejaa mistari myeusi, ya darubini nyingine Webb palepale panawaka rangi ya chungwa, sasa ipi ya kweli?

dada_chumbageni: Zote kaka. Hilo vumbi, chembe ndogo mno za kaboni na silikati, linazuia nuru ya kawaida ndo maana Hubble inaona giza, ila likipata joto la nyota linatoa infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho, na Webb inanasa hiyohiyo. Rangi wanapaka wanasayansi wenyewe lakini.

raskazone_boi: Na yale matundu kwenye vumbi?

mwanapangani: Nyota kubwa changa zinasukuma gesi na vumbi pembeni, zikilipuka ndo balaa. We njoo Pangani usiku usio na mbalamwezi, Njia Nyeupe, galaksi yetu, utaiona imepasuka katikati, vumbi tu hilo