Pampu ya zege: ya mkono au ya mabomba?

Mjenzi_Mpya: Wakuu, tunakaribia kumwaga slabu na sijakodi pampu bado. Nimewekewa mbili mezani: ile ya lori yenye mkono wa kujikunjua, na ile ndogo ya kuvutwa, unayoiunganishia mabomba. Ya mabomba ina nafuu. Nichukue ipi?

Nondo12: Mkuu, unaulizia shati hutaji saizi. Ghorofa ya ngapi? Zege kyubiki ngapi, yaani mita za ujazo? Kokoto za ukubwa gani? Lori linafika hadi kwenye jengo?

Mjenzi_Mpya: Ghorofa ya pili, kyubiki kama 40. Lori linafika. Kokoto anajua anayeleta zege.

Dada_Saiti: Ya mkono, usijiulize mara mbili. Ya mabomba kila mkisogea ni kufungua klampu, vile vibanio vya kuungia mabomba, na bomba la mita 3 la milimita 125 likijaa zege linapita kilo 100. Hao wabebaji utawalipa wewe, nafuu yote iishie hapo.

Fundi_Mkongwe: Dada, ya mabomba inapenya uchochoro ambao lori lako halioni ndani. Ila hilo la kokoto, kijana, usimwachie mtu. Kuna saiti tuliletewa zege la kokoto za milimita 40, na hozi ya mwisho ni ya 65. Ikasukuma kidogo, ikakaba kwenye kona. Mwendeshaji hakurudisha pampu nyuma kushusha presha, akamtuma kibarua afungue klampu vilevile. Zege lilimrukia kifuani, kofia ikaenda kuokotwa chini ya ngazi. Miwani ndiyo iliyomwokoa macho. Huku lori la pili linazunguka juani, dereva kashika mpira anaongeza maji. Tuligonga bomba nyundo mpaka giza, na slabu ikaungwa katikati pasipotakiwa. Kipenyo cha bomba kiwe angalau mara 3 ya kokoto kubwa. Mimi nataka mara 4.

Kyubiki_Boy: Mzee, maji kidogo hayaui. Zege kavu halipandi ghorofani.

Nondo12: Yanaua nguvu ya zege! Agiza slampu, kile kipimo cha ulaini wa zege, ya milimita 100 hadi 150 tangu kiwandani, na ulaini utokane na plastisaiza, dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji.

Kyubiki_Boy: Plastisaiza nayo ikizidi zege linachelewa kushika. Hilo husemi.

Nondo12: Ndiyo maana kuna vipimo, ndugu yangu.

Dada_Saiti: Mnamsahau mwenye mada. Mjenzi, ardhi ya kukanyagia miguu ya lori, ile inayotolewa pembeni kulizuia lisipinduke, ni ngumu? Na juu kuna nyaya za umeme?

Mjenzi_Mpya: Nyaya zipo, zinapita upande wa barabara. Pembeni kuna shimo la maji taka tumelifukia juzi.

Dada_Saiti: Haya, na hayo ulikuwa unayaweka wapi siku zote?

Fundi_Mkongwe: 😂 Mguu ukikaa juu ya hilo shimo lori linalala. Karibuni kwenye mabomba. Kona ziwe chache, na mtangulize uji wa saruji kulainisha njia.

Dada_Saiti: Au lori liingilie nyuma, mbali na nyaya na shimo. Nyuma pakoje?

Mjenzi_Mpya: Nyuma kuna ukuta wa jirani. Nitampigia aliyechora ramani.

Kyubiki_Boy: Mzee, mkimaliza bomba mnaoshaje? Sisi mpira wa sponji ulitoka kama risasi.

Fundi_Mkongwe: Mlisukuma kwa upepo au kwa maji?