MREJESHO: Masta ya modeli za hali ya hewa kwa laptop ya kawaida

Wakuu habari zenu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje tesisi ya masta kuhusu mvua za Masika Tanzania wakati sina kompyuta kubwa ya kuendesha WRF (modeli, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa), mkanishauri nisiendeshe modeli mwenyewe, nichukue matokeo ya CORDEX Afrika (mradi wa modeli za tabianchi za kikanda) ambayo yapo tayari halafu nilinganishe na CHIRPS (data za mvua zinazotokana na setilaiti na vituo vya kupimia). Nimefanya hivyo na imekubali aisee, CHIRPS ina data tangu 1981 kwa gridi ya kilometa 5 hivi, nikakata eneo langu tu, faili nikazisoma kidogo kidogo kwa Python na xarray (maktaba ya Python ya kushughulikia data za gridi), laptop haigandi tena. Aliyesema nijifunze xarray kwanza kabla ya kitu kingine chochote, Mungu akubariki sana mkuu.

Ambacho hakijakaa sawa ni modeli zenyewe, nyingi nilizochukua zinazidisha Vuli na kupunguza Masika, nikarekebisha kitakwimu kama mlivyosema, wastani umekaa vizuri ila tarehe ya mvua kuanza bado inapishana na CHIRPS. Msimamizi kasema niandike hivyo hivyo, nayo ni matokeo. RegCM, modeli nyingine ya kuendesha mwenyewe, imegoma kabisa kwenye laptop, nimeachana nayo. Proposo imepita, sasa naandika sura ya tatu. Asanteni mno.